Upindo wa Kanzu

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa niwe mmoja wa waamuzi watatu wa shindano la visa vifupi, lililofanywa kwa ajili ya vijana wa skuli za sekondari katika mji mmoja wa pwani, na sharti kubwa la shindano lile lilikuwa kwamba kisa kisizidi maneno 300, na kila kitakachozidi, hata kama ni kwa neno moja, kitiwe kando bila ya kusomwa. Niliipokea kazi ile kwa taadhima iliyostahili, lakini moyoni nalikuwa na shaka, kwa sababu nililelewa katika hadithi ndefu, zile zilizosimuliwa usiku baada ya chakula, ambazo mtoto husinzia kabla hazijafika nusu na kesho yake akaomba zianzwe tena tangu paukwa. Na mtu aliyelelewa hivyo huona tabu kusadiki kwamba katika karatasi moja yaweza kuenea nafsi ya mwanadamu pamoja na mji wake, mashaka yake na matumaini yake.

Shaka hiyo ilinitoka kwa kisa kimoja. Mama anaingia na mwanawe kwa fundi cherehani, siku mbili kabla ya Idi, amebeba kanzu ya mtu mzima iliyokwisha kuvaliwa, na haja yake ni kwamba ipunguzwe imwenee mtoto. Fundi anapima mabega, anapima mikono, anapima urefu toka shingoni hata kifundo cha mguu, anatia alama za chaki, kisha anashika mkasi na kuuliza kama akate. Mama anamjibu asikate. Akunje upindo kwa ndani, maana mtoto atakua. Kisa kinakwisha hapo. Mwenye kanzu hatajwi, wala haisemwi kwamba alikufa, au alisafiri, au alihamia kwa mke mwingine, wala hakuna chozi lililodondoka juu ya meza ya fundi. Na pamoja na hayo yote, nilipokiweka chini nilijikuta nimenyamaza kwa kitambo, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye msiba asijue ni msiba wa nani. Niliyahesabu maneno yake, nikaona ni 211. Mwandishi alikuwa na ruhusa ya maneno mengine 89 na hakuyataka.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiri fani hii, na mashindano yanayoilea, na mazungumzo wanayofanyiwa waandishi baada ya zawadi kugawiwa, na nimefikia kuamini jambo moja ambalo nataka kulieleza hapa kwa utaratibu: kwamba uhai wa kisa kifupi umo katika yale ambayo mwandishi ameyaacha kwa hiari na maarifa, na kwamba shindano lolote au mazungumzo yoyote yasiyotufundisha kuyatazama yale yaliyoachwa hutufikisha mlangoni bila ya kutuingiza ndani.

Wako wasemao kwamba kisa cha namna hii ni kitu kigeni, kilicholetwa na haraka za zama hizi na uvivu wa wasomaji wasioweza tena kukaa na kitabu. Kuhusu jina wana haki, kwani jina litumiwalo na Waingereza na Wamarekani, ambalo huifananisha bunilizi hii na mmweko wa ghafla, lilienea baada ya mwaka 1992, James Thomas, Denise Thomas na Tom Hazuka walipolifanya anwani ya mkusanyo wa visa 72. Lakini kitu chenyewe kilikuwa barazani petu kabla ya jina hilo kuzaliwa. Kitendawili ni nini kama si kisa kilichobanwa hata ukabaki mfupa wake tu? Mtegaji anasema ana nyumba isiyo na mlango, na akisha kusema hivyo kazi yake imekwisha. Msikilizaji ndiye azungukaye dunia nzima kwa akili yake, akipita makaburini, mapangoni na mizingani, mpaka alifikie yai, na akishindwa hana budi kutoa mji ndipo apewe jibu. Wazee waliotunga mchezo ule walijua kwamba jambo alilolifikia mtu kwa jasho la fikira zake hulikumbuka, na lile alilomiminiwa sikioni hulisahau.

Hekaya za Abunuwasi nazo ni shahidi. Jina hilo ni la mshairi Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa Harun Rashid, lakini pwani yetu ilimpokea ikamfanya mwerevu wake yenyewe, na mambo yake husimuliwa kwa maneno machache mno. Tazama ile habari ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairejesha pamoja na kijisufuria ndani yake na kusema kwamba imezaa, na jirani anafurahi kwa faida aliyoipata, Abunuwasi anaiazima tena, na safari hii hairejeshi, anasema imekufa, jirani anakwenda kushitaki, na hukumu inakuwa kwamba aliyekubali sufuria kuzaa na akubali kufa kwake. Msimulizi hatuambii jirani alikuwa mnene au mwembamba, wala nyumba yake ilielekea wapi, wala Abunuwasi alijifunza kwa nani hila ile. Hasemi hata kwamba jirani alikuwa mtu wa tamaa. Neno tamaa halimo, na tamaa yenyewe imejaa tele, kwa kuwa msikilizaji ameachiwa aione mwenyewe katika furaha ya yule mtu alipokipokea kijisufuria.

Wala ukomo wa maneno usihesabiwe kuwa pingu mpya. Watu waliokubali mizani hawana sababu ya kuogopa hesabu. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, alizieleza kanuni ambazo washairi walikuwa wakizifuata tangu zamani, na katika bahari iliyozoeleka kuliko zote mshororo huwa na mizani 16, nane kwa nane, na mishororo minne hufanya ubeti, hata hesabu ya ubeti mzima ikawa mizani 64 isiyozidi wala kupungua. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliweza kuingiza katika beti chache ugomvi wa miji, hasara ya biashara na maumivu ya mapenzi, na hakuna msomaji wa diwani yake alalamikaye kwamba alibanwa. Mipaka ile ilimlazimu achague, na katika kuchagua ndimo ustadi wake ulimodhihirika.

Katika nchi ya Urusi naye Anton Chekhov alipita katika chuo cha namna hiyo. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow, mwenye jamaa nzima ya kulisha, alianza mwaka 1882 kuliandikia gazeti la Oskolki la St. Petersburg, ambalo mhariri wake, Nikolai Leykin, alimwekea ukomo wa mistari kama 100 kwa kila kisa. Ukomo ule ulimkera mara nyingi, lakini ndani yake alijifunza kuanza kisa pasipo dibaji na kukiacha kabla ya mazishi. Kisha mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitry Grigorovich alimpelekea barua ya kumsihi aache kuandika kwa pupa na akiheshimu kipawa chake. Naye aliitia moyoni nasaha ile, na baada ya miaka miwili akapewa nusu ya Tuzo ya Pushkin. Katika habari hii nimejifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo vijana wengi huvichanganya, yaani uchache wa maneno na uchache wa muda. Leykin alimpunguzia Chekhov mistari, na hilo lilimfaa. Gazeti lilimpunguzia wasaa pia, na hilo ndilo Grigorovich aliloliogopa. Kisa cha maneno 300 kinaweza kutaka majuma matatu, na mwandishi akidhani kwamba kwa ufupi wake kitamalizika baina ya adhuhuri na alasiri, atatoa kitu kilichopungua badala ya kitu kifupi.

Hapa lugha yetu ina jambo lake la kuangaliwa, ambalo wenye kuandaa mashindano hawajalipima vya kutosha. Huko Uingereza mashindano ya Bridport yaliongeza fungu la visa vifupi mwaka 2010 kwa ukomo wa maneno 250, na tuzo ya Bath imeweka maneno 300, na sisi aghalabu tumezichukua hesabu hizo kama zilivyo, ilhali neno la Kiswahili na neno la Kiingereza si pishi moja. Neno hawakumwambia ni moja katika hesabu ya mwamuzi, na ndani yake wamo watu wawili au zaidi, umo wakati uliopita, umo ukanushi, na yumo mtu wa tatu aliyefichwa habari. Mwingereza hawezi kuyasema hayo ila kwa maneno manne au matano. Kwa upande mwingine, viunganishi vyetu vidogo, ya na wa na kwa, humla mwandishi hesabu yake bila ya kumpa kitu, na kila nomino anayoipamba kwa nomino nyingine humtoza ushuru njiani. Yule kijana wa kisa cha kanzu alilijua hili kwa tabia, kwa kuwa kisa chake chote kilisimama juu ya vitenzi: anapima, anatia chaki, anashika, anauliza, asikate, akunje, atakua. Kitenzi cha Kiswahili ni jahazi lenye mizigo mingi katika ngama yake, na mwandishi wa kisa kifupi akikitegemea atafika mbali kwa maneno machache. Iko siku, naamini, ambapo shindano la Kiswahili litathubutu kuweka hesabu yake lenyewe, iliyotoka katika umbile la lugha yenyewe.

Ama kuhusu mashindano, hayo pia tuliyazoea. Washairi wetu walijibizana tangu enzi za Lamu na Mombasa, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake uwanja wa kutunga na kujibiwa, hata mtu wa bara akabishana kwa vina na mtu wa visiwani ambaye hajapata kuonana naye. Katika nathari, Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958 lililofanywa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960, na kwa mlango huo Bwana Msa na kiko chake wakaingia majumbani mwetu wasitoke tena. Baada yake Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliwaalika wasikilizaji walete hadithi fupi, na zilizochaguliwa zikakusanywa katika vijitabu, kimojawapo kikiwa Mapenzi ni Kikohozi, ambavyo wengi tuliokuwa watoto tulivisoma mpaka majalada yakang'oka.

Leo neema imezidi. Iko tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa huitwa Safal-Cornell. Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa mwaka 2023. Na shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola hupokea pia hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Lakini tuzo hizo mbili za kwanza hutazama zaidi miswada mirefu, na hilo la Jumuiya ya Madola hutaka maneno yasiyopungua 2,000, kwa hiyo kisa kidogo kabisa bado hakina nyumba kubwa kwetu, kinalala katika vyumba vya kuazima: skuli moja hapa, chama cha wasomaji pale, ukurasa wa gazeti siku nafasi ikipatikana.

Manufaa ya shindano ni kwamba humpa mwandishi msomaji asiyemjua. Ndugu na marafiki husoma kazi ya mtu wakiwa wanaisikia sauti yake na kuujua ukoo wake, nao hujaza kwa mapenzi kila tundu lililobaki. Mwamuzi aliyepewa karatasi isiyo na jina hana mapenzi hayo wala chuki, hana ila maneno yaliyo mbele yake. Binti wa mvuvi na mtoto wa waziri huwa sawa juu ya meza ile. Kuna manufaa pia katika tarehe ya mwisho, kwa kuwa wengi wetu tungekufa na hadithi zetu vifuani kama hapangekuwa na siku iliyotajwa.

Hata hivyo lazima niyaseme na madhara, maana nimeyaona kwa macho. La kwanza ni mwisho wa hila. Katika visa tulivyovisoma, si vichache vilivyomalizika kwa kumbe: kumbe alikuwa akiota, kumbe msimulizi ni maiti, kumbe yule mpenzi aliyekuwa akimlilia ni paka. Kijana amesikia kwamba kisa kifupi kinataka mshtuko, naye akaificha habari moja mfukoni ili aitoe katika mstari wa mwisho kama mchezeshaji mazingaombwe. Lakini habari iliyofichwa ili kushtua haina kazi tena ikisha kutoka, na kisa hicho hakisomwi mara ya pili. Kisa cha kanzu kinasomwa mara ya kumi, kwa sababu hakikuficha kitu ili kutushtua, bali kilikinyamazia kwa staha. La pili ni kuandika kwa kutafuta ladha ya waamuzi, ambako humfanya kijana wa Pangani aandike juu ya theluji asiyoijua kwa kuwa mshindi wa mwaka uliopita aliiandika.

La tatu ni kimya kinachowaangukia wasioshinda. Katika ujana wangu nilipeleka hadithi katika shindano moja, nikalisubiri jibu lake kwa muda wa mwaka, na halikuja hata neno moja la kusema imepokewa. Na kwa miaka mitano baada ya hapo sikuandika kitu, nikidhani kwamba kimya kile kilikuwa hukumu. Huenda mswada wangu haukustahili kitu, na leo naamini haukustahili. Lakini mtu aliyetoa moyo wake bahashani anastahili mistari miwili ya kumwambia ni wapi ulipowaka na ni wapi ulipozimika. Kwa ajili hiyo, katika shindano lile la skuli tulikubaliana sisi waamuzi watatu kwamba kila aliyeleta kisa ataandikiwa jambo moja alilolifanya vyema na jambo moja la kutazama tena, na kazi hiyo ilituchukua siku nyingi kuliko kuwachagua washindi, wala sijutii hata moja katika siku hizo.

Nimefika sasa penye mazungumzo na waandishi, ambapo naona hazina kubwa inapotea. Desturi ya kumkalisha mwandishi na kumwuliza juu ya kazi yake ni desturi njema. Gazeti la The Paris Review lilianza mwaka 1953 kwa kuchapisha mazungumzo na E. M. Forster, na mwaka 1958 likatoa yale ya George Plimpton na Ernest Hemingway, ambamo Hemingway alieleza kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake ya A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 kabla ya kuridhika nao. Jibu hilo linatufaa kuliko khutuba ndefu juu ya kipawa na msukumo wa nafsi, kwa sababu linatuonyesha mkono ukifanya kazi: kurasa nyingi zilizoachwa ziko nyuma ya ule mmoja tuusomao.

Lakini mazungumzo mengi tuyafanyayo hayafiki huko. Mwandishi huulizwa alianza lini kuandika, nani alimvutia, huandika usiku au alfajiri, na ana ujumbe gani kwa vijana. Naye hujibu kwa adabu, watu hupiga makofi, na kila mmoja huondoka akijua habari za mwandishi na asijue lolote la uandishi. Siku ya kutoa zawadi katika shindano lile mambo yalianza hivyo hivyo. Mshindi, yule mwandishi wa kisa cha kanzu, msichana wa kidato cha tatu, alisimama mbele yetu mikono ikiwa nyuma, akijibu kila swali kwa maneno mawili matatu, na nilidhani mazungumzo yatakufa, mpaka mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake akainua mkono kutoka safu ya nyuma.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi sina swali la kitabuni. Nataka kujua tu, baba wa yule mtoto alikwenda wapi?"

"Shikamoo, babu," msichana akajibu, na baada ya kuitikiwa akanyamaza kidogo. "Alikokwenda nakujua. Nilipoandika mara ya kwanza nililieleza lote, na maneno yakafika mia tisa. Lakini nilipokisoma tena niliona fundi hakumwuliza yule mama, na mama si mtu wa kusema mambo yake kwa fundi. Nikaona nami sina njia ya kumjibu mtu ambaye hakuuliza."

"Basi mimi nimeuliza."

"Kweli, babu, umeuliza. Na ukitaka nitakwambia tukitoka nje, sisi wawili. Ila nikikwambia, yule uliyemfikiria wewe ulipokuwa ukisoma atakuondokea."

Yule mzee alikaa chini polepole, na kwa muda chumba kizima kilikuwa kimya. Baadaye, watu walipokuwa wakinywa chai, nilimwona amesimama peke yake karibu na dirisha, na nilipomkaribia alinieleza, bila ya mimi kumwuliza, kwamba naye aliwahi kuvaa kanzu ya marehemu kaka yake ikiwa imekunjwa upindo, na kwamba mama yao aliufumua upindo ule mara tatu kabla kanzu haijachakaa. Hakutoka nje na yule msichana. Sikuona haja ya kumwuliza kwa nini.

Katika miaka yote niliyohudhuria mikutano ya waandishi sijasikia somo lililoizidi ile dakika moja. Mle mlikuwa na tofauti ambayo vitabu vya mbinu za uandishi huizungukia kwa kurasa nyingi, yaani tofauti baina ya kukata na kukunja. Msichana yule alikuwa na maneno mia tisa; angeweza kuyakata kwa mkasi mpaka yakaingia katika sharti, na kisa kingebaki na kingo zinazofumuka. Yeye aliyakunja kwa ndani, yakakaa mle, yakiipa nguo uzito wake na kuinyoosha ianguke vizuri, na kila msomaji ajaye na urefu wake mwenyewe aweza kuyafumua kwa kadiri yake. Hemingway, katika kitabu cha mwaka 1932, aliufananisha uandishi wa namna hii na mlima wa barafu baharini, ambao sehemu yake moja tu katika nane huonekana juu ya maji, na akaonya kwamba mwandishi anayeacha jambo kwa sababu halijui huleta mashimo matupu katika kazi yake. Sisi wa nchi za joto hatuna mlima huo, lakini tuna mafundi cherehani, na kila mama wa kwetu anajua kwamba pasipo kitambaa hapana upindo.

Yasunari Kawabata, Mjapani wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1968, aliandika tangu ujana wake visa zaidi ya mia moja alivyoviita visa vya kiganja, yaani visa viwezavyo kuenea katika kiganja cha mkono. Na mwaka 1972, katika miezi ya mwisho ya maisha yake, aliichukua riwaya yake mashuhuri, ile ya nchi ya theluji, akaikunja ikawa kisa cha kurasa chache tu. Alikuwa amekwisha kupata kila heshima ambayo dunia inaweza kumpa mwandishi, wala hapakuwa na shindano lililomwekea sharti. Nafikiri alitaka kuona ni nini kitakachosalia, na mtu wa kiwango kile alipochagua hivyo mwishoni mwa umri wake, hatuna haki ya kuuita ufupi kuwa kazi ya wanaoanza.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa watu ambao wanaweza kuyatimiza bila ya gharama kubwa. Kwa wenye kuandaa mashindano ya visa vifupi kwa Kiswahili: mwambieni mshindi aje na mswada wake wa kwanza, ule mrefu, ausome mbele ya watu kabla ya kukisoma kile kilichoshinda, na swali la kwanza mtakalomwuliza liwe ni lipi aliloliacha na kwa nini, tena msimwache hata mmoja katika wasioshinda aende zake bila ya mistari yake miwili. Kwa wahariri wa magazeti na majarida yetu: tengeni safu moja, hata kama ni ya maneno 200, mwipe siku yake isiyobadilika, kama Mambo Leo lilivyowatengea washairi, maana fani haikui kwa zawadi za mara moja kwa mwaka. Na kwa walimu: kabla hamjamfundisha mtoto kurefusha insha yake, mpeni habari aijuayo vyema ya nyumbani kwao, aiandike yote, kisha aikunje mara mbili.

Nawe msomaji, ukikutana na kisa cha karatasi moja, usikiache pale mwandishi alipokiachia. Kaa nacho, kiulize aliyeivaa kanzu hiyo kabla ya mtoto alikuwa nani, na ukifikia jibu lako, usiende kumwuliza mwandishi kama ndilo.